Uliza Mpenzi wa Kompyuta: Kabla Hujanunua Nyingine, Jua Kwanza Kinachokwama

Habari zenu wasomaji. Maswali ya safari hii mengi yamekuja na mkia uleule, "je ninunue nyingine?", laptopu nyingine, ruta nyingine, simu nyingine, na ukisoma vizuri unakuta kinachosumbua ni kitu kimoja tu na hakuna aliyekiangalia. Mimi siuzi chochote wala sina duka, napenda tu hivi vitu na bisibisi haikai mbali na mimi, kwa hiyo majibu yangu yana ubishi kidogo, mtanivumilia. Marefu nimeyafupisha.

SWALI: Kaka, habari za kazi. Laptopu yangu ni Core i5, RAM GB 4, hadi diski ya GB 500. Nikiiwasha naweza kwenda kuoga nikarudi bado kile kiduara kinazunguka tu. Nimeshaipiga fomati mara mbili, inakuwa nafuu wiki moja halafu inarudi kulekule. Kuna jamaa kaniambia prosesa imezeeka nitafute mashine nyingine, kweli?
*Mwanachuo aliyechoka kusubiri*

JIBU: Prosesa haizeeki namna hiyo mdogo wangu, huyo jamaa anabahatisha. Fanya hivi, ikianza kukwama bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, itafunguka Task Manager, nenda kwenye Performance, utaona CPU (hiyo ndiyo prosesa), Memory (hiyo ndiyo RAM) na Disk kila kimoja na grafu yake. Usiguse kitu kingine, tulia uangalie. Naweza kuweka dau kwamba utakuta CPU iko huko chini inapumzika, asilimia kumi au ishirini, na Disk imegota 100 haishuki. Hapo umeshamjua mgonjwa.

Iko hivi. Ndani ya hadi diski ya zamani kuna sahani zinazozunguka, za laptopu nyingi mizunguko 5400 kwa dakika, na juu yake kuna kamkono kanakotembea kutafuta data. Kila kakihama kutoka faili moja kwenda lingine kanakula kama milisekunde 10 mpaka 15 hivi. Unaweza kusema hizo ni ndogo, ila Windows ikiwa inawaka inaomba vifaili maelfu vilivyotawanyika kila kona, na muda huohuo antivairasi nayo inaomba, apdeti nayo inaomba, wewe nawe umeshabonyeza brauza mara tatu kwa hasira, basi kale kamkono kanahangaika huku na huku na kila mtu yuko foleni. SSD, ile diski ya kisasa ya chipu, haina kitu kinachotembea ndani, inajibu chini ya sehemu ya kumi ya milisekunde. Watu wakitangaza SSD wanakutajia MB 500 kwa sekunde na kuendelea, sawa, ila siri yake kwa kazi za kila siku ni huo muda wa kutafuta, ndio maana hata SSD ya kawaida kabisa ukiiweka kwenye laptopu ya zamani unaona kama umebadilishiwa mashine.

Halafu kuna hiyo RAM ya GB 4, ile kumbukumbu ya muda inayoshika vitu ulivyofungua. RAM ikijaa, Windows inahamishia vitu kwenye diski ili ipate nafasi, sasa kama diski yenyewe ni hiyo ya polepole ndio vinasaidiana kukuumiza. Ukiwa na uwezo wa kimoja tu anza na SSD, RAM ya kufika GB 8 itafuata. Laptopu ya umri huo mara nyingi inachukua SSD ya inchi 2.5 ya SATA, inakaa palepale ilipotoka ile ya zamani kwa skrubu zilezile, ila kabla hujatoa hela tafuta modeli yako imeandikwa nini upande wa chini, uangalie inakubali nini, maana nyingine nyembamba RAM yao imechomelewa kwenye ubao na hapo huongezi kitu.

Kuhusu fomati kuleta nafuu ya wiki moja, hiyo nayo ina sababu. Ikiwa mpya inakuwa haina programu zinazojiwasha zenyewe, ukishaanza kuzipakia moja moja kila moja inajiandikisha kuamka na kompyuta. Humohumo kwenye Task Manager kuna sehemu ya Startup, zima kila kitu usichokijua umuhimu wake ukiacha antivairasi na za tachipadi au sauti. Na tafadhali vile viprogramu vinavyojisifu kusafisha na kuongeza spidi ya kompyuta usiviweke kabisa, vingi vyao ndio mzigo wenyewe.

Hadi diski ya zamani usiitupe, itie kwenye kasha la USB uitumie kuhifadhia. Ila ipime kwanza kwa CrystalDiskInfo, ni programu ya bure, ikikuandikia Caution au ukasikia inagonga ka-ka-ka basi nakili kazi zako za chuo leo hii kabla hata hujamaliza kusoma ukurasa huu.

SWALI: Mwanangu, mimi ni mstaafu, kompyuta yangu natumia kuandika barua, kusoma habari na kuongea na wajukuu kwa video. Inafanya kazi vizuri tu, ila inaniletea ujumbe kwamba Windows 10 imefika mwisho na mashine yangu haifai kwa Windows 11. Sasa nitupe kitu kizima kinachofanya kazi?
*Babu wa mtandaoni*

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Usitupe. Kilichotokea ni kwamba Microsoft waliacha kutoa marekebisho ya bure ya usalama kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta haizimiki, itaendelea kuwaka kama kawaida, tatizo ni kwamba tundu jipya la kiusalama likigundulika halizibwi tena, na wewe unaingia mtandaoni kila siku. Kulikuwa na mpango wa kujisajili upate marekebisho ya ziada mpaka tarehe 13 Oktoba 2026, kwa hiyo huo ulikuwa wa kuvutia muda tu, sio dawa.

Kwanza hakikisha kweli imekataliwa. Windows 11 inadai kitu kinaitwa TPM 2.0, ni sehemu ya kutunzia funguo za siri ndani ya mashine, na kompyuta nyingi wanayo ila imezimwa kwenye BIOS, ile mipangilio ya ndani ya mashine inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, ukiona imesema toleo 2.0 iko tayari basi hiyo sio shida yako. Ikisema haipo, mwambie mjukuu aangalie BIOS kabla hamjakata tamaa. Kinachokataa moja kwa moja ni prosesa, kwa Intel karibu zote za kabla ya kizazi cha 8 hazimo kwenye orodha yao. Najua kuna njia za kulazimisha na vijana watakwambia ni rahisi, ni rahisi kweli, ila Microsoft wenyewe wanasema mashine ya namna hiyo hawakuhakikishii apdeti, na kwa mtu anayetaka utulivu mimi siwezi kukupeleka huko.

Kwa matumizi yako mzee ningeweka Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta unaokaa badala ya Windows. Linux yenyewe ilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi huko Finland na leo ndiyo inaendesha seva nyingi za intaneti, hata Android ya kwenye simu yako chini kabisa imekaa juu yake. Mint ina menyu pale chini kushoto kama ulivyozoea, brauza ni Firefox, barua utaandika kwa LibreOffice ambayo inafungua mafaili ya Word, na video za kwenye brauza utaongea na wajukuu kama kawaida. Uzuri ni kwamba unaweza kuionja bila kufuta chochote, mjukuu anaiandika kwenye flashi, unawasha kompyuta kupitia flashi, unazunguka humo, unajaribu kamera, spika na printa, usipoipenda unachomoa flashi na Windows yako iko palepale. Ikienda taratibu wakati wa kuonja usiihukumu, hiyo ni spidi ya flashi. Ila printa mzee ijaribu kabisa kabla hujakubali, hapo ndipo watu wanapokwamia.

SWALI: Naomba umalize ubishi wa nyumbani kwetu. Mume wangu anasema kuacha simu kwenye chaji usiku kucha inaua betri, pia kila dakika anafunga apu zote eti zinakula chaji, na simu mpya ni lazima uichaji masaa 8 kabla ya kuitumia. Mimi nasema anajisumbua.
*Mke mwenye subira*

JIBU: Dada, umeshinda mawili na nusu. Hiyo ya masaa 8 na ile wengine wanayoisema ya kumaliza chaji mpaka izime ni mambo ya betri za zamani za nikeli. Za sasa ni za lithiamu, zilianza kuuzwa na Sony mwaka 1991, nazo hazina hayo mambo ya kuzoezwa.

Kufunga apu ndio anajisumbua kabisa. Apu usiyoiangalia simu imeigandisha, imekaa tu kwenye RAM, ukiifunga halafu ukaifungua tena baada ya dakika tano simu inaanza kuipakia upya toka mwanzo na hiyo ndiyo inakula chaji zaidi. Kama kuna apu inayokunywa chaji kwa siri nenda kwenye mipangilio ya betri, orodha ipo na asilimia zake, ibane hiyohiyo moja.

Sasa ile nusu yake. Usiku kucha simu hailipuki wala haijazi mpaka ikamwagika, ikifika 100 inakata yenyewe. Ila betri ya lithiamu haipendi vitu viwili, joto na kukaa muda mrefu ikiwa imejaa pomoni, na simu iliyolala chini ya mto ikiwa na kava nene kwenye chaji imepata vyote viwili. Simu nyingi za sasa zina mpangilio wa kuishia asilimia 80 au wa kusubiri karibu na alfajiri ndio imalizie, uwashe huo, simu iwekwe mezani, ugomvi uishe. Kinachoua betri kuliko usiku mzima wa chaji ni kucheza gemu huku inachaji kwa kasi mpaka ikawa haishikiki. Kama ni yeye anayefanya hivyo mwambie.

Na ukiona mgongo wa simu umeanza kunyanyuka au skrini inaachia pembeni, hiyo betri imevimba, usiichaji tena, usiibonyeze irudi, peleka ikabadilishwe.

SWALI: Nimenunua hadi diski ya GB 500 nikaichomeka ikasoma 465. Wiki hiyohiyo nikanunua flashi ya TB 2 kwa bei ya kutupa, hiyo inasoma TB 2 kamili ila video zangu zikiingia nyingine hazifunguki. Nimetapeliwa wapi?
*Mteja mwenye mashaka*

JIBU: Kwenye ile iliyosoma kamili, ndugu yangu. Inachekesha lakini ndivyo ilivyo.

Hiyo ya 500 iko sawa. Mwenye kiwanda anahesabu GB moja ni baiti bilioni moja, Windows inahesabu kwa vipande vya 1024 mara 1024 mara 1024, ukigawa baiti bilioni 500 kwa hesabu ya Windows unapata 465 na kitu. Kwa hesabu hiyohiyo TB 1 itasoma 931, na TB 2 ya kweli ingesoma kama 1.81.

Flashi yako ni feki na ufeki wake ni wa akili sana, acha nikuoneshe. Ndani kuna chipu ndogo, tuseme ya GB 32, halafu kuna kontrola, ile akili ya flashi inayoongea na kompyuta, imepangwa upya idanganye. Kompyuta ikiuliza una nafasi kiasi gani inajibiwa TB 2, na kompyuta haina sababu ya kubisha. Unaanza kuweka video, za mwanzo zinaingia vizuri na zinacheza. Ikifika mwisho wa chipu ya kweli kontrola haisemi nimejaa, inaendelea kupokea, ila data ama inaitupa ama inaiandika juu ya zile za mwanzo. Majina ya mafaili unayaona yote na saizi zake, maana orodha ya majina inakaa mwanzoni mwa flashi ambako ni salama, ila ukilifungua faili ndani ni upepo. Ndio maana mtu anaweza kukaa na flashi ya hivi miezi na asijue, mpaka siku anayoihitaji ile video ya harusi.

Kupima ni bure, kwenye Windows kuna H2testw, kwenye Linux na Mac kuna F3. Zinaijaza flashi mpaka mwisho halafu zinasoma kila kitu kurudi nyuma zione kama ndicho kilichoandikwa. Inachukua muda, kwa flashi kubwa iache usiku, ila ukimaliza una ushahidi wa kumrudishia muuzaji. Kila flashi au memori kadi mpya ipite hapo kabla haijapokea kitu cha maana, hata kama boksi linang'aa.

Na kwa kuwa tuko kwenye namba za kuchanganya, wale mnaouliza kwa nini intaneti ya 40 Mbps inapakua MB 5 tu kwa sekunde, gawanya kwa 8. Moja ni biti, nyingine ni baiti. Hamjaibiwa.

SWALI: Waifai sebuleni inaruka vizuri, chumbani inakatakata. Nimeambiwa nipandishe kifurushi kiwe kikubwa zaidi. Nipandishe?
*Anayefanya kazi kitandani*

JIBU: Usipandishe kwanza. Chukua laptopu, ichomeke waya moja kwa moja kwenye ruta, pima spidi. Halafu chomoa, pima kwa waifai ukiwa palepale pembeni ya ruta, halafu nenda chumbani upime tena. Kama waya unakupa spidi unayoilipia na chumbani unapata robo, kifurushi hakina kosa, hata ukinunua mara kumi yake ukuta utakula uleule.

Ruta nyingi zinarusha masafa mawili. 2.4 GHz inapenya kuta vizuri zaidi na inafika mbali, ila ni nyembamba na imejaa watu, majirani wote wapo humo, blutuuthi ipo humo, hata mikrowevu ikiwashwa inapiga kelele humohumo. 5 GHz ina kasi ila ukuta wa zege unaichosha haraka. Sebuleni tumia 5, chumbani jaribu 2.4, na kwenye hiyo 2.4 chagua chaneli 1, 6 au 11, hizo tatu ndizo haziingiliani, ukikaa kwenye 3 unagombana na pande zote mbili. Apu za bure za kuchungulia waifai zitakuonesha majirani wamejazana wapi.

Ila kabla ya yote hayo, ruta iko wapi? Maana nikiuliza watu hilo swali najibiwa iko nyuma ya tivii, au ndani ya kabati, au sakafuni kwenye kona kwa sababu haipendezi. Ipandishe juu, iwe wazi, isogee katikati ya nyumba kadiri waya unavyoruhusu, mara nyingi hilo peke yake linatosha. Vile vikuza waifai vya kuchomeka ukutani mimi sivipendi, vingi vinapokea na kurusha kwa redio ileile, kwa hiyo spidi inakatika karibu nusu, vile vijistari vya waifai vitaonekana vimejaa na video itakatika vilevile. Kama huna budi kupeleka mtandao mbali, pitisha waya mpaka chumbani uweke kirushio cha pili huko. Kutoboa ukuta kunauma mara moja tu.

SWALI: Kazini wanatulazimisha kubadilisha paswedi kila miezi mitatu, na iwe na herufi kubwa, namba na alama. Kila mtu anaongeza tu namba mwishoni. Nyumbani mama yangu ameandika zake zote kwenye daftari. Nani yuko salama zaidi?
*Mchovu wa paswedi*

JIBU: Mama. Sitanii. Mwizi wa paswedi zake yuko mbali mtandaoni, hawezi kufungua droo ya chumbani kwake. Mradi asiibebe hiyo daftari kwenye mkoba na kila akaunti iwe na paswedi yake tofauti, amewashinda wengi.

Hilo la miezi mitatu limepitwa na wakati. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, kwenye mwongozo wao wa 2017 walisema watu wasilazimishwe kubadilisha kwa kufuata kalenda, wabadilishe pale panapokuwa na dalili kwamba imevuja, na sababu ni hiyohiyo uliyoiona, watu wanaongeza namba mwishoni na mwizi naye anajua. Mpelekee bosi wako hiyo, kwa upole.

Urefu ndio nguvu. Maneno manne au matano yasiyohusiana kabisa, yasiwe mstari wa wimbo wala jina la mtoto, ni magumu kukisia kuliko neno fupi lililochomekwa alama ya mshangao, na unayakumbuka. Kwa hizo nyingine themanini tumia programu ya kutunza paswedi, Bitwarden na KeePass zipo za bure. Barua pepe yako iwe na paswedi isiyotumika popote pengine duniani, maana mwenye barua pepe yako anaomba kubadilisha paswedi za kwingine kote na zinamfikia yeye. Kuangalia kama zako zimeshavuja kuna tovuti ya Have I Been Pwned ya Troy Hunt, mtaalamu wa usalama wa mtandaoni, ipo toka 2013, unaandika barua pepe tu, ukiombwa paswedi ya hiyo barua pepe ujue uko sehemu nyingine.

Washa pia uthibitisho wa hatua mbili. Namba za meseji ni bora kuliko hakuna, ila laini yako inaweza kuhamishwa na mtu mwingine akazipokea yeye, kwa hiyo apu inayotoa tarakimu 6 zinazobadilika kila sekunde 30 ni nzuri zaidi. Zile namba za siri za akiba wanazokupa siku ya kwanza ziandike kwenye daftari la mama.

SWALI: Nimefuta folda ya picha kwenye memori kadi ya kamera. Nikasema poa, ziko kwenye hifadhi ya mtandaoni, kwenda kule nako hazipo! Nilikuwa nimeunganisha ile folda ijisawazishe yenyewe. Saidia haraka.
*Mpigapicha roho mkononi*

JIBU: Toa kadi kwenye kamera sasa hivi, usipige hata picha moja. Ukifuta, picha haziondoki, kinachoondoka ni anwani zake kwenye orodha, zenyewe zinakaa mpaka kitu kipya kiandikwe juu yake. Tumia PhotoRec kwenye kompyuta, ni ya bure, sura yake mbaya kama skrini za zamani za herufi nyeupe lakini kazi inaifanya. Kinachopatikana kihifadhi kwenye diski ya kompyuta, KAMWE usirudishie kwenye kadi hiyohiyo. Majina ya mafaili utayapoteza, picha nyingi utazipata. Na mtandaoni angalia taka, huduma nyingi zinashikilia vilivyofutwa kwa siku kadhaa, mara nyingi 30.

Kusawazisha sio bekapu, ndio hilo limekukuta, ukifuta huku kule kunatii. Bekapu ni nakala isiyosikia amri zako za leo. Wapigapicha wana kanuni yao ya 3-2-1, nakala 3, kwenye aina 2 za hifadhi, 1 iwe nje ya nyumba. Mwenzako wa kazi zilezile, Peter Krogh, ndiye aliyeieneza.

Nyongeza kwa wenye SSD ndani ya laptopu: kwenu hii dawa mara nyingi haifanyi kazi, kuna amri inaitwa TRIM inayoiambia SSD isafishe vilivyofutwa, na inafanya haraka.

SWALI: Nikitumia brauza kwa ile hali ya faragha, kazini hawaoni ninachosoma, eti?
*Nauliza kwa niaba ya rafiki*

JIBU: Wanaona. Hiyo hali inakuficha na mtu atakayetumia kompyuta hiyohiyo baada yako, basi. Mwenye mtandao anaona tovuti unazokwenda. Msalimie rafiki.

SWALI: Nina waya tano za USB-C, zote zinafanana. Moja inachaji laptopu, nyingine inaitekenya tu, nyingine inahamisha faili kwa mwendo wa konokono. Si walisema USB-C imekuja kumaliza fujo?
*Mwenye droo ya nyaya*

JIBU: Walimaliza fujo ya tundu, ya waya wakaificha ndani. Umoja wa Ulaya wamelazimisha simu zote zinazouzwa kwao ziwe na tundu la USB-C toka tarehe 28 Desemba 2024, laptopu zikapewa mpaka 28 Aprili 2026, na mimi naunga mkono kwa mikono miwili, ila umbo la kichwa cha waya halikwambii waya unaweza nini.

Waya wa kawaida wa USB-C unapitisha ampea 3, ambazo kwa volti 20 ni wati 60. Ukitaka zaidi lazima uwe na kachipu ndani ya kichwa chake kinachoiambia chaja "mimi nabeba 5", hapo unafika wati 100, na mpya zaidi mpaka 240. Kisipokuwepo chaja haithubutu kupandisha, hata kama chaja yenyewe ni ya wati 140. Upande wa data ni hadithi tofauti kabisa, waya nyingi zinazokuja na simu ndani ni USB 2.0, mwisho wake 480 Mbps, ukigawa kwa 8 kama tulivyosema kule juu ni MB 60 kwa sekunde na hapo ni kwa karatasi. Kwa hiyo waya mnene unaochaji laptopu kwa wati 100 unaweza kuwa ndio uleule wa mwendo wa konokono. Ni ujinga lakini ndio mpangilio ulivyo.

Zipime. Chukua faili moja kubwa la GB kadhaa na diski ya nje yenye kasi, sio flashi, ihamishe kwa kila waya uone. Kwa chaji, laptopu nyingi zinakuandikia zenyewe kwamba inachaji polepole, au nunua kimita kidogo cha USB-C kinachoonesha volti na ampea, kinakaa katikati ya chaja na waya. Halafu bandika karatasi kwenye kila waya uandike wati na spidi kwa kalamu isiyofutika, na ile ambayo haikufika popote iache kwa ajili ya kuchajia spika.